Maktaba Yetu na Fedha za Kaunti

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Wewe unalisoma somo hili karatasini. Kama ulilisikiliza redioni, utayakuta maneno ni yale yale. Yasome polepole, kwa sauti. Ukifika mahali pagumu, rudi nyuma usome tena; hakuna anayekukimbiza.

Leo tutazungumza juu ya maktaba. Maktaba ni nyumba ya vitabu vya watu wote. Mtu huingia, huketi, husoma. Mwenye kadi huazima kitabu akaenda nacho nyumbani, kisha akakirudisha siku aliyoandikiwa. Anayevitunza vitabu hivyo na kuwasaidia wasomaji huitwa mkutubi.

Huenda ukasema, "Mwalimu, mimi nimejua kusoma juzi tu. Maktaba ni ya watoto wa shule na watu wenye vyeti." Sivyo. Mwenye cheti na mshahara aweza kununua kitabu dukani. Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani ndiye unayeihitaji maktaba zaidi. Kusoma ni kama panga: lisipotumiwa huingia kutu. Nimewaona watu waliomaliza darasa wakisoma vizuri, wakarudi nyumbani ambako hakuna hata karatasi moja ya kusoma. Baada ya muda wakarudia kuweka alama ya dole gumba kama zamani. Kazi yao yote ilipotea, si kwa uvivu, ila kwa kukosa kitu cha kusoma.

Basi swali letu la leo ni hili: Fedha zinapokuwa chache, maktaba hulindwaje?

Fedha za maktaba hutoka wapi?

Hapa Kenya, sheria ya mwaka 1965 iliunda shirika la taifa la maktaba, nalo likafungua maktaba katika miji mingi. Baadaye Katiba ya mwaka 2010 iliandika maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Kaunti zetu 47 zilianza kazi mwaka 2013. Maana yake ni kwamba maktaba sasa inakula sinia moja na zahanati, soko na barabara za mashambani. Na katika sinia moja, anayekula kimya kimya hukuta chakula kimekwisha.

Maktaba ni mnyamavu. Zahanati ikikosa dawa, watu hulalamika siku hiyo hiyo. Barabara ikikatika, gari hukwama na kila mtu huona. Lakini maktaba ikikosa vitabu vipya, hapana kelele. Vile vya zamani vinakaa palepale kwenye rafu, na mpita njia hudhani mambo ni mazuri.

Mara nyingi maktaba haifungwi kwa siku moja. Hufa kidogo kidogo. Mwaka wa kwanza hainunuliwi vitabu. Mwaka wa pili mkutubi mmoja anastaafu, wala hawekwi mwingine. Kwa hiyo mlango hufungwa mapema, kabla watu hawajatoka kazini. Mwaka wa tatu paa linaanza kuvuja, na wasomaji wanapungua. Ndipo anasimama mkubwa mmoja na kuuliza, "Mbona nyumba hii haina watu? Afadhali tuipe kazi nyingine." Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa maktaba ni mwaka ule wa kwanza.

Nyumba si vitabu

Shida hii si yetu peke yetu, wala haikuanza leo. Uingereza ilitunga sheria yake ya kwanza ya maktaba za umma mwaka 1850. Miji iliruhusiwa kutoza kodi ndogo ili ipate nyumba na kuwalipa wafanyakazi wake, lakini fedha za kodi ile hazikuruhusiwa kununua vitabu! Ilitazamiwa kwamba watu wema wangevitoa kama zawadi. Mwaka 1855 ikalazimu sheria ibadilishwe, kodi iongezwe, na vitabu viweze kununuliwa.

Tujifunze hapo. Kila mtu hupenda kufungua jengo, maana jengo huonekana na jiwe la msingi huandikwa jina. Vitabu vya kila mwaka na mshahara wa mkutubi havina sherehe. Lakini jengo lisilo na vitabu ni ghala tupu. Kwa hiyo unapoiombea maktaba, usiombe kuta tu.

Sasa tazama Nairobi. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931. Ilijengwa kwa ukumbusho wa tajiri mmoja, William Northrup McMillan, na mke wake ndiye aliyeisimamia kazi hiyo. Kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu tu. Mwafrika alipita nje akiyatazama masimba ya mawe mlangoni. Mwaka 1962 Halmashauri ya Jiji iliichukua, ikawa mali ya watu wote. Ina matawi mawili upande wa mashariki wa jiji, Kaloleni na Makadara. Lakini mali ya watu wote, isipotunzwa, huchakaa kama nyingine yoyote. Majengo yalizeeka, na vitabu vilizeeka pamoja nayo.

Mwaka 2017 wanawake wawili, Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, walianzisha chama kiitwacho Book Bunk. Mwaka uliofuata walipatana na serikali ya Kaunti ya Nairobi, wakashika kazi ya kuzifufua maktaba hizo tatu. Walitafuta fedha kwa marafiki na wahisani, wakaanza na yale matawi madogo. Kaloleni na Makadara zikatengenezwa, na wasomaji wakafunguliwa milango tena.

Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Lakini angalia jambo moja: majengo yale yamebaki kuwa mali ya umma. Mhisani aweza kutengeneza paa leo. Kesho ana mahali pengine pa kusaidia. Mshahara wa mkutubi ni wa kila mwezi, na vitabu ni vya kila mwaka. Msaada ni mvua, na fedha za kaunti ni kisima. Mvua ikinyesha tufurahi, ila tusikifukie kisima.

Tulivyochelewa

Sasa nitakueleza kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa na darasa katika mji mmoja ambao sitautaja. Tulikuwa tukikutana katika maktaba saa kumi na moja jioni. Ikaja amri kwamba maktaba itafungwa saa kumi. Tukahamia chini ya mwembe, tukisoma mpaka giza litufukuze.

Alikuwamo mama mmoja, muuza nyanya sokoni. Alikuwa ameazima kitabu cha ufugaji wa kuku, cha kwanza kukisoma maishani mwake. Siku ya kukirudisha ilipofika alikuwa amefika katikati. Alitaka kukiazima tena, lakini kila alipotoka sokoni alikuta kufuli mlangoni. Mwishowe alimpa mtoto wake akirudishe asubuhi, akakaa bila kitabu.

Tukaandika barua nzuri, kila mtu akatia sahihi yake. Niliipeleka mimi mwenyewe, mwezi wa Juni. Karani akaisoma, akaniambia kwa upole, "Bwana, chakula kimekwisha kupakuliwa. Rudini mwakani."

Kosa lilikuwa langu, mimi niliyesoma hata chuo kikuu. Sikuuliza tarehe.

Basi zishike tarehe hizi. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai. Kwa sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012, makadirio ya mapato na matumizi hupelekwa katika bunge la kaunti si baada ya tarehe 30 Aprili. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa mapema zaidi, si baada ya tarehe 1 Septemba. Na Katiba yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Kwa hiyo mikutano ya maoni si hisani ya mtu. Ni haki yako. Uliza kwa mwakilishi wa wadi yako, "Mkutano wa makadirio ni lini, na wapi?" Uliza mapema, kabla ya Aprili.

Namna ya kusema

Mwaka uliofuata tulijitayarisha. Kwa majuma mawili wanafunzi wawili walikaa penye mlango wa maktaba kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili. Kila mtu aliyekuja akakuta kufuli, waliandika mstari mmoja katika daftari. Tulipokwenda mkutanoni sikusema mimi. Alisimama yule mama wa nyanya, daftari mkononi, akasoma hesabu mwenyewe. Kisha akaeleza juu ya kitabu chake cha kuku.

Tuliomba mambo mawili: vitabu vipya, na mlango uwe wazi jioni siku mbili kwa juma, mkutubi akianza kazi baadaye siku hizo. Vitabu hatukupata mwaka ule. Mlango tulipata. Mama yule alikimaliza kitabu chake.

Kutokana na hayo, shika mambo matatu.

La kwanza, omba jambo lililo wazi. Ukisema "tunataka maendeleo ya maktaba," utajibiwa "tumesikia," na hapo ndipo mwisho. Sema: vitabu hamsini, au paa la chumba cha watoto, au saa mbili za jioni.

La pili, nenda na hesabu. Tuseme kitabu kimoja ni shilingi 600. Vitabu 50 ni shilingi 30,000. Tuseme kila kitabu kitaazimwa mara 20 kabla ya kuchakaa. Hizo ni mara 1,000 za kusoma. Gawanya 30,000 kwa 1,000, utapata shilingi 30 kwa kila mara. Hesabu hiyo diwani ataielewa, na wewe waweza kuifanya.

La tatu, usigombane na zahanati. Mtu atakuuliza, "Wataka vitabu, na wagonjwa je?" Jibu kwa adabu kwamba hata wewe waugua. Mwambie kwamba anayeweza kusoma maandishi ya chupa ya dawa hawezi kumpa mtoto kipimo cha mtu mzima kwa kutojua. Maktaba haiombi sinia lote, yaomba tonge lake.

Na kumbuka kwamba kuboresha si lazima kujenga. Mwaka 1996 shirika la maktaba la taifa lilianza kuwapelekea vitabu wafugaji wa Garissa juu ya ngamia, kwa kuwa watu walikuwa mbali na nyumba ya vitabu. Darasa lenu nalo laweza kumwomba mkutubi sanduku la vitabu vya kukaa nalo mwezi mmoja, kisha mlibadilishe.

Mwisho, itumie maktaba. Chukua kadi, azima, rudisha kwa wakati. Kila mara jina lako linapoandikwa katika daftari la kuazima, umeitolea maktaba ushahidi. Rafu ambayo haiguswi haina wa kuitetea.

Kazi ya darasa

Nakili barua hii, ujaze nafasi zilizoachwa wazi:

"Kwa Mwakilishi wa Wadi ya ........ Sisi wanafunzi wa darasa la watu wazima la ........ twaomba kujua siku ya mkutano wa makadirio ya fedha. Twataka kusema juu ya maktaba yetu. Jambo tunaloomba ni ........ Wako watiifu, ........"

Kisha zungumzeni maswali haya:

1. Maktaba iliyo karibu nanyi hufunguliwa na kufungwa saa ngapi? Je, mtu wa kazi aweza kuifikia?
2. Kwa nini msaada wa wahisani hautoshi peke yake?
3. Ni tarehe gani makadirio hupelekwa katika bunge la kaunti? Nani kati yenu atauliza siku ya mkutano?

Kwaherini, hata somo lijalo.