Nasaba, Maji na Maradhi ya Figo

Mtu anaposhikwa na saratani ya figo, jamaa na majirani aghalabu huuliza mambo mawili tu: je, maradhi haya yamo katika nasaba yao, au ameyaleta mwenyewe kwa tumbaku na unene? Naona dhuluma katika kuuliza hivyo, kwani mambo hayo tunayoyatenga kwa maneno, ndani ya figo hayakutengana.

Mwaka 1904 Eugen von Hippel, tabibu wa macho wa Kijerumani, alieleza uvimbe wa mishipa ya damu ndani ya jicho, na mwaka 1926 Arvid Lindau wa Uswidi akauhusisha na uvimbe wa ubongoni; na maradhi hayo ya kurithi, yanayoitwa kwa majina yao na yanayoweza kuleta saratani ya figo pia, ndiyo yaliyowafikisha wataalamu, mwaka 1993, kwenye jeni ya VHL. Jeni hiyo ikiharibika, seli huishi kana kwamba imekosa oksijeni hali oksijeni ipo tele, ikaita mishipa mipya ya damu, ikakua bila ya kiasi. Kila mmoja wetu hupewa nakala mbili, ya baba na ya mama. Aliyerithi nakala moja mbovu, ya pili ikiharibika katika seli moja tu ya figo, saratani imekwisha pata njia.

Walakini wagonjwa walio wengi hawana jamaa aliyewahi kuugua, na bado, katika saratani ya figo iliyo ya kawaida zaidi, jeni ile ile mara nyingi hukutwa imeharibika, si kwa urithi bali kwa yaliyotokea maishani. Tumbaku, unene na shinikizo la damu huongeza hatari, hayo twayajua. Lakini kambini Camp Lejeune, katika jimbo la North Carolina, baina ya mwaka 1953 na 1987, wanamaji wa Marekani pamoja na wake na watoto wao walikunywa maji yaliyoingiwa na trikloroethilini, dawa ya kuondolea grisi kwenye vyuma, ambayo mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitangaza kuwa husababisha saratani ya figo. Mama aliyempikia mwanawe kwa maji yale, tumlaumu kwa lipi?

Ndiyo maana nasema tabibu amuulize mgonjwa kazi aliyoifanya na maji aliyoyanywa kwa uangalifu ule ule anaoulizia wazazi wake. Aila zenye jeni mbovu, ambamo kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, hupimwa mapema, na madaktari huungoja uvimbe ukaribie sentimita 3 ndipo wauondoe, figo ikibaki. Watu wa Camp Lejeune hawakuwa na wa kuwapima mapema. Sheria ya kuwafungulia mlango wa mahakama ilipitishwa mwaka 2022, na wengine wao walikuwa wamekwisha fariki.