Nyumba Ijitayarishe Kabla ya Tangazo

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa na mwalimu mstaafu mbele ya walimu na watumishi wa Serikali.



Nimeombwa nizungumze juu ya namna nyumba ya mtumishi inavyopaswa kujitayarisha kwa maradhi ya mlipuko, yale yanayovuka mipaka na kuizunguka dunia. Mimi si daktari. Nimefundisha kwa miaka 34, na yale ya kitabibu nitakayoyasema hayapungui wala kuzidi yale ambayo mhudumu yeyote wa zahanati angewaambieni. Lakini juu ya nyumba yenyewe, yaani mtungi, kitanda, dirisha na mshahara, naona ninayo haki ya kusema, kwa sababu humo ndimo nilimokosea.

Tarehe 16 Machi, 2020, ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana hapa nchini. Kesho yake shule zikafungwa. Mimi, nikiwa na mshahara mfukoni, nilikwenda dukani nikanunua katoni mbili za sabuni na mfuko wa sukari wa kilo 25, nikarudi nyumbani kifua mbele. Jioni ile ile jirani yangu, mama anayeuza maandazi barazani, alikwenda duka lile kununua nusu mche wa sabuni kama ilivyo desturi yake ya kila siku. Akaambiwa imekwisha. Nami nilijua ilikokwishia: ilikuwa chini ya kitanda changu.

Ndugu zangu, huo ndio msingi wa mazungumzo yangu. Kitu kile kile kinachonunuliwa kidogo kidogo wakati wa utulivu ni busara, na kinaponunuliwa kwa pupa siku ya tangazo ni kumnyang'anya mwenzako. Mwenye kibarua cha siku hawezi kuweka akiba ya mwezi. Hununua kwa kipimo, leo kwa leo. Mwenye mshahara anaweza. Kwa hiyo wajibu wa kutangulia ni wetu sisi, ili siku itakapofika tusionekane kwenye foleni kabisa, na kilichopo dukani kibaki kwa ajili ya wale wasiokuwa na njia nyingine. Mche mmoja wa ziada kila mwisho wa mwezi hauumizi mtu.

Sasa tutazame ni kitu gani hasa tunachojitayarishia. Wengi wetu tukisikia neno mlipuko hudhani ni jambo lililoanza mwaka 2020. Si kweli. Mkumbo wa saba wa kipindupindu duniani ulianza Indonesia mwaka 1961, ukafika Afrika mwaka 1970, na Tanzania ikapata wagonjwa wake wa kwanza wa mkumbo huo mwaka 1974, kisha ukaenea kwa nguvu kuanzia 1977. Mkumbo huo haujaisha mpaka hivi leo. Mimi nilikuwa kijana wa miaka 16 wakati ule, na ninachokikumbuka si hofu bali ni sufuria la maji lililochemka kila jioni, na marehemu mama akitukataza kuchota kwa kikombe ndani ya mtungi. Miaka michache kabla yake, mwaka 1973, ilikuwapo ile kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio; watu wakasikiliza, wakajadiliana, wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Nadhani tulijua zaidi wakati ule kwamba afya huanzia uani.

Kipindupindu huua kwa kumkausha mtu maji, na chaweza kumwua mtu mzima mwenye nguvu kwa muda wa saa chache. Basi nyumba iwe na chombo cha maji ya kunywa chenye mfuniko na koki, wala si ndoo ya kuzamishiwa mikono. Maji yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Iwe na pakiti chache za dawa ya kurudisha maji mwilini. Zikikosekana, lita moja ya maji safi hutiwa vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visifurike, maana chumvi ikizidi hudhuru. Mgonjwa aanze kunywa hapo hapo, njiani kuelekea zahanati, na si baada ya kufika. Kila aliye nyumbani ajue kipimo hicho kwa kichwa, hata mtoto wa darasa la tano.

Maradhi ya pumzi, kama korona na mafua makali, yana njia yake nyingine. Hapo mtungi hautoshi. Panahitajika hewa, na panahitajika nafasi. Mwaka ule wa 2020, katikati ya Aprili, mjukuu wangu alishikwa na homa na kikohozi. Tulikuwa watu saba katika vyumba vitatu. Ndipo nilipogundua kwamba pamoja na sabuni yangu yote, hapakuwa na mtu nyumbani mwangu aliyejua mgonjwa atalala wapi, nani atamhudumia, na nani atakaa mbali naye. Mama mkwe wangu, mwenye ugonjwa wa sukari, alikuwa akilala kitanda kimoja na mtoto huyo. Na aliyemhudumia siku nne, usiku na mchana, bila ya kitambaa cha kufunika pua, alikuwa binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Hakuna aliyemwomba, na hakuna aliyemwuliza kama anaogopa. Tuliona ni kazi yake tu. Mtoto alipona, na binti yule hakuugua. Lakini kama angeugua, nani katika sisi alikuwa amepangwa kumwuguza yeye? Na angelala wapi, yeye aliyekuwa akilala sebuleni?

Nawaombeni mliulize swali hilo katika nyumba zenu kabla ya jua la leo kuchwa. Mwuguzi awe mmoja, mzima wa afya, aliyekubali kwa hiari yake, na awepo wa pili wa kumpokea. Wazee na wenye maradhi ya siku nyingi wahamishwe upande mwingine mapema, wakiwa na dawa zao za mwezi mzima mkononi.

Yapo hata hivyo maradhi ambayo matayarisho yake ni kujua kutokuuguza. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera, ukaisha Juni mwaka huo, baada ya kuua watu sita kati ya tisa walioupata. Wengi wao walikuwa jamaa wa karibu, na wengine wahudumu wa afya waliowatibu. Ugonjwa wa namna hiyo huambukiza kwa damu na majimaji ya mwili, hata ya maiti. Huruma yetu yote ya kumfuta mgonjwa matapishi na kumwosha marehemu kwa mikono yetu ndiyo inayoubeba. Jambo hili ni gumu kuliko yote niliyoyataja, na haliwezi kuamuliwa wakati msiba umekwisha kuingia ndani na shangazi wamekwisha kukaa mkekani. Lazungumzwe sasa, pamoja na wakubwa wa ukoo na viongozi wa dini, kwamba siku wataalamu wakisema tusiguse, hatutagusa, na wala hatutamficha mgonjwa.

Nyumbani kwangu tumekwisha kukaa kikao, na yule binti akiwamo, naye alisema mengi. Tumekubaliana kwamba chumba cha mgonjwa kitakuwa kile cha mimi na mke wangu, kwa kuwa kina mlango wa uani. Lakini dirisha lake nililipigilia misumari mwaka walipoingia wezi, halijafunguliwa tangu hapo. Fundi anakuja Jumamosi.