Mashimo ya Rosterman

Somo: Ayubu 28:1–12

Kama unayo Biblia karibu nawe, fungua kitabu cha Ayubu, mlango wa 28. Nawe mama uliye jikoni na mwiko mkononi, usiache uji ukaungua, sikiliza tu.

Katika likizo iliyopita nilikuwa na vijana 11 wa darasa la kipaimara. Walitaka niwapeleke Nairobi. Nauli haikuwako, basi nikawaambia tutakwenda Rosterman kwa miguu. Wakacheka sana, maana Rosterman ni hapo tu nje ya mji wa Kakamega, na wengine wao hupita huko kila siku wakienda sokoni. Lakini mtu aweza kupita mahali miaka 15 asipaone.

Tulikwenda. Tuliona misingi ya saruji iliyomea majani, vifusi vya mchanga uliosagwa zamani, na mashimo. Mashimo mengine yamezungushiwa miti, mengine yako wazi kabisa kando ya mahindi. Niliwakalisha juu ya ule msingi nikawasimulia.

Dhahabu ilionekana Kakamega mwaka wa 1931. Wakati ule bei za mazao zilikuwa zimeanguka dunia nzima, na nzige walikuwa wamekula mashamba. Kwa hiyo walowezi wengi walioshindwa na kilimo walikuja mbio na hema zao. Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata ulipofungwa mwaka wa 1952. Dhahabu yenyewe imo ndani ya mawe meupe magumu yanayopita chini ya ardhi kama mishipa. Wachimbaji huufuata mshipa huo popote uendapo, huvunja jiwe, hulisaga likawa unga, ndipo huitafuta chembe.

Ayubu aliijua kazi hii. Ukiusoma mlango ule utadhani mwandishi alisimama kwenye mdomo wa shimo. Asema juu ya watu wanaoning'inia kwa kamba mbali na makao ya wengine, na juu ya nchi ambayo chakula chatoka juu yake, huku chini yake yapinduliwa. Nilipofika hapo kijana mmoja akageuka akayatazama mahindi, kisha akalitazama shimo. Sikuwa na haja ya kufafanua.

Tena liko jambo ambalo vijana wetu hawakulijua. Mwaka wa 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria kwamba ardhi iliyotengewa Waafrika ni yao milele, na kwamba ikiwa sehemu yake itatwaliwa, watapewa ardhi nyingine badala yake, na wenyeji washauriwe kwanza. Dhahabu ikaonekana. Mwezi wa Desemba 1932 sheria hiyo ikabadilishwa: kwa ajili ya machimbo, fidia ya fedha ikatosha, na ile kazi ya kuwauliza wenyeji ikaondolewa. Milele ilikuwa imedumu miaka miwili! Hata Ahabu, alipolitamani shamba la mizabibu la Nabothi, alianza kwa kumtajia shamba jingine lililo bora.

Yuko mtumishi wa kanisa letu aliyepiga kelele juu ya jambo hilo: Walter Edwin Owen, Askidikoni wa Kavirondo tangu 1918. Aliandika barua nyingi, hata katika gazeti la Manchester Guardian huko Uingereza. Walowezi walimchukia, waliligeuza jina la cheo chake wakamwita pepo mkuu. Hakuwa malaika, na wako wazee waliomlaumu kwamba katika chama alichokiongoza, kilichoanzishwa mwaka wa 1923, alipunguza makali ya madai ya watu. Lakini juu ya ardhi ya Kakamega hakunyamaza. Jambo linalonipendeza mimi ni kwamba mtu huyu alipenda pia kutembea akiokota mawe yaliyochongwa na watu wa kale, na vigae vya vyungu. Vile vigae vya Urewe, ambavyo leo wataalamu huvitaja kila wanapozungumza habari za wafua chuma wa kwanza wa pande hizi, yeye ni mmoja wa walioviandikia kwanza. Kitabu kilitoka mwaka wa 1948, naye alikwisha fariki 1945. Aliinama kutazama kilichokuwa chini, na akijua pia ni nani anayelima juu yake.

Mimi, ndugu zangu, sikuinama.

Tulipokuwa tukiondoka, kijana mmoja mpole, asiyesema sana darasani, alibaki nyuma karibu na shimo moja. Nikamwambia asogee, asije akaanguka. Akanijibu kwa sauti ndogo, "Mchungaji, mimi hulijua. Huingia hapa Jumamosi usiku pamoja na mjomba." Akanieleza jinsi wanavyoshuka na tochi kichwani, na jinsi mama yake anavyosaga mawe na kuyachanganya na zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki huishika dhahabu. Kisha huchomwa jikoni, na moshi wake ni sumu inayoharibu mishipa ya fahamu, na hata mtoto aliye tumboni.

Mama huyo namjua. Tulipochangisha mabati ya kanisa nilimtaja mbele ya ushirika wote, nikamsifu kwa utoaji wake. Sikumwuliza hata mara moja fedha zile zilitoka wapi. Nilifurahi kuhesabu mabati.

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwake. Nilianza kusema juu ya hatari za mashimo, naye akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Mchungaji, nipe karo ya muhula mmoja, nami nitamzuia." Nilikuwa na Biblia mkononi na shilingi 200 mfukoni.

Nililipeleka jambo hilo kwenye baraza la kanisa. Mzee mmoja akasema haya ni ya serikali, kanisa lisijiingize. Niliwasimulia habari za Askidikoni Owen. Tulibishana hata taa ikawashwa. Mwishowe tuliamua fedha zilizobaki za mabati zilipe karo ya kijana huyo na ya mwenzake mmoja, na upande mmoja wa paa ungoje. Mvua ikinyesha, sisi wa upande wa kushoto tunasogea kulia. Mjomba wake bado anashuka. Mama bado anasaga, ila sasa huichomea zebaki nje, mbali na watoto, jambo ambalo halitoshi, nami nimemwambia hivyo.

Tuombe. Ee Bwana, unayeiona njia ambayo jicho la mwewe halikuiona, uwaangalie wanaoshuka usiku huu. Umkumbuke mama yule na mikono yake. Utupe sisi wachungaji ujasiri wa kuuliza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.