Diski Ikianza Kugonga: Toa Data Kwanza, Uchunguzi Baadaye

Mazungumzo ya fundi wa kompyuta kutoka Kitale kwa makatibu na waweka hazina wa vikundi waliokutana mjini Bungoma. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya wasomaji.

  Nimetoka Kitale alfajiri, nikapitia Kiminini na Kamukuywa, laptopu mapajani njia nzima. Kondakta alitaka niiweke nyuma pamoja na magunia ya viazi, nikakataa, na sababu ya kukataa ni sehemu ya yale niliyokuja kuwaambia.

Nimeombwa nizungumze juu ya kompyuta inayoshindwa kusoma faili zake. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, mweka hazina wa kikundi cha akina mama aliniletea laptopu. Ndani yake mlikuwa na daftari la mikopo la miaka 3: nani amekopa, amelipa kiasi gani, anadaiwa riba gani. Akaniambia, "Fundi, nikifungua daftari inakwama. Nikingoja sana, inafunguka." Nilifanya kile ambacho mafundi wengi hufanya. Niliipa amri ya chkdsk, ile inayokagua diski yote na kurekebisha inachokipata, nikafunga duka nikaenda kulala. Asubuhi diski ilikuwa inagonga, tik, tik, tik, na kompyuta haikuiona tena.

Kumbukeni maneno yake: nikingoja sana, inafunguka. Maana yake ni kwamba siku ile alipoiweka mezani kwangu, lile daftari lilikuwa bado linasomeka. Ningelinakili kwenye flashi kwa dakika chache. Badala yake wale akina mama walikaa Jumamosi 3 mfululizo wakilinganisha taarifa za M-Pesa na vijitabu vya wanachama. Sehemu kubwa ya hesabu ilirudi. Wanachama 2 hawakukubaliana na kilichoandikwa, na mweka hazina aliacha kazi hiyo, ingawa hakuna aliyemwita mwizi. Hakuna aliyeniita mimi mwizi pia, lakini najua lililotokea.

Sasa nieleze kwa nini ilikufa usiku ule. Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu ya kila sahani kuna kichwa kidogo cha kusomea kinachoelea bila kuigusa. Nafasi kati yao ni nyembamba mno kuliko unywele, kiasi kwamba hata chembe ya moshi haiwezi kupita. Data imegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo sekta, na kila sekta imeandikiwa alama za kujikagua. Diski ikisoma sekta na alama zisilingane, hairudi kwako mara moja kukuambia. Inajaribu tena, na tena, na tena. Huko kujaribu ndiko wewe unakokuona kama kukwama. Mshale unaganda, taa inawaka bila kupepesa, kisha labda faili inafunguka na unashukuru Mungu. Hiyo shukrani isiwe ndefu. Funga faili nyingine zote uanze kunakili.

Amri niliyoitumia inapita kwenye kila sekta ya diski, hata zile tupu, na inaposhindwa inasukuma kichwa kirudi palepale pabovu. Kwa diski yenye afya ambayo orodha yake ya faili imevurugika kwa sababu stima ilipotea ghafla, hiyo ni dawa nzuri, na mimi bado naitumia. Kwa diski inayokufa, ni kama kumwambia mgonjwa wa moyo apande Mlima Elgon ili tuone kama kweli anaumwa. Tena inaandika mabadiliko kwenye diski ileile, kwa hiyo hata ikinusurika, faili nyingine zinaweza kutoka zimekatwa vipande.

Ndiyo maana nasema data kwanza. Kama mashine bado inawaka, usianze na video za harusi. Anza na faili ndogo zisizo na nakala popote: daftari la mikopo, orodha ya wanachama, katiba ya kikundi, barua. Zipeleke kwenye flashi au diski nyingine, kamwe si kwenye folda nyingine ya diski hiyohiyo. Faili moja ikigoma, iache, nenda kwa nyingine. Windows ikikuletea ujumbe kwamba lazima ufomati diski kabla ya kuitumia, kataa. Ujumbe huo unasema tu kwamba haikuelewa ilichosoma. Na ikiwa unasikia mgongano wa chuma, zima. Usiwashe na kuzima ukitumaini itapona. Kila kuwasha ni safari nyingine ya kichwa juu ya sahani iliyokwaruzwa.

Kwa mafundi mlio hapa, na naona wawili watatu wa saiba pale nyuma: jifunzeni ddrescue. Ni programu ya bure ya mradi wa GNU, inatumika kwenye Linux, na unaweza kuwasha mashine kwa flashi ya Linux bila kugusa Windows ya mteja. Kazi yake ni kunakili diski nzima kwenda diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi. Inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, inaruka mbovu, kisha inazirudia mwishoni. Inaandika ramani ya ilikofika, hivyo stima ikipotea katikati, unaendelea ulipoachia. Angalieni sana ipi ni diski ya kusomwa na ipi ya kuandikiwa kabla ya kubonyeza. Ukizigeuza, umemfutia mteja kila kitu kwa mkono wako. Baada ya hapo, marekebisho yote fanyeni kwenye nakala.

Uchunguzi wenyewe ndio unafuata sasa. Karibu kila diski inajiwekea kumbukumbu za afya yake, ziitwazo SMART. Kwenye Windows unaweza kuzisoma kwa CrystalDiskInfo, na kwenye Linux kwa smartctl. Mistari ni mingi, lakini mimi naangalia minne kwanza. Nambari 5 inahesabu sekta zilizokufa na kubadilishwa na za akiba. 197 inahesabu zile zilizoshindwa kusomeka na zinasubiri hukumu. 198 ni zilizoshindikana kabisa. Hizo tatu zikiwa sifuri, vizuri. Zikiwa na kitu, na hasa zikiongezeka kati ya wiki hii na ijayo, tafuteni diski mpya. CrystalDiskInfo mara nyingi huandika hesabu hizi kwa mfumo wa kumi na sita, kwa hiyo ukiona 10, hiyo ni 16. Nimewahi kubishana na mtu nusu saa kwa sababu hiyo.

Mstari wa nne ni 199, na huu unaweza kukuokolea pesa. Unahesabu makosa ya data ikiwa njiani kati ya diski na kompyuta. Ukiongezeka huku hizo tatu zikibaki sifuri, shuku kebo kwanza. Kwenye kompyuta za mezani kebo hulegea, huingia vumbi, au mtu aliyesafisha ndani ameivuta. Badilisha kebo, jaribu tundu lingine, kisha uangalie kama hesabu imesimama. Kuna mafundi wanaouza diski mpya mahali ambapo kebo ingetosha, wengine kwa kutojua, wengine wanajua vizuri sana.

Lakini msikubali mtu awaambie, "SMART iko sawa, endelea tu." Mwaka 2007 wahandisi wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski iliyotoa kosa lake la kwanza la ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko ile isiyo na kosa. Hapo SMART inasaidia. Waliona pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya zile dalili nne walizoziona kuwa nzito. Kwa hiyo SMART ikisema diski ni mgonjwa, iamini. Ikisema ni mzima, usiiamini kabisa.

Wengi wetu tunanunua laptopu zilizotumika ng'ambo. Si vibaya, yangu hii ni mojawapo. Ila kabla ya kulipa, omba uonyeshwe SMART, na soma mstari wa 9, saa ambazo diski imefanya kazi. Nimeona mashine iliyopakwa rangi ikang'aa, na diski yake ina zaidi ya saa 30,000. Diski mpya za SSD hazina sahani wala kichwa, hivyo hazijali matuta ya barabara wala hazigongi. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi hazikuonyi. Leo inafanya kazi, kesho haionekani.

Msifungue diski dukani ili mtazame ndani, maana vumbi letu la kiangazi litaimaliza. Na kuiweka kwenye friji ni kuitia unyevu tu.

Akina mama hapa mbele waliniuliza asubuhi, kikundi kisicho na pesa za mambo haya kifanye nini. Mwisho wa kila mwezi, chapisheni ukurasa wa mikopo, mwenyekiti na katibu watie sahihi, karatasi ikae kwa mtu asiyekaa na laptopu. Nakala ya pili iende kwenye flashi iliyo nyumba nyingine, au kwenye akaunti ya Google, ambayo inawapa gigabaiti 15 bila malipo. Kisha mtu mmoja aifungue ile nakala na kuisoma. Nimeletewa flashi za "nakala" ambazo ndani yake hamna kitu.

Na fundi akibadilisha diski, daini ile ya zamani. Ina majina, nambari za vitambulisho na za simu za wanachama wenu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawataka mzilinde. Kufuta faili hakuondoi data. Diski iliyokufa itoboeni kwa drili.

Nimemaliza. Waliokuja na mashine, zileteni hapa mezani, tuanze na zile zinazokwama. Na baba uliyeniambia yako inagonga, tafadhali usiiwashe ili unionyeshe inavyogonga.