Tumewalipia Ada, Sasa Tuwalinde na Pombe

Hotuba ya mwanachama mhasibu katika chakula cha hisani cha wana-Rombo waishio Dar es Salaam



Nimeombwa niseme machache kuhusu Mfuko wetu wa Elimu. Mimi si daktari wala mhubiri, ni mhasibu. Kazi yangu ni kufuatilia fedha: imetoka wapi, imekwenda wapi, imeleta nini. Kwa jicho hilo naona Mfuko wetu una tundu ambalo hatujaliziba. Tundu hilo ni pombe vyuoni.

Kijana mmoja tuliyemlipia ada, jina lake nalihifadhi, alimaliza kidato cha sita na daraja la kwanza. Mwaka wa kwanza wa chuo akadisko. Hakuwa mzito darasani. Alizama kwenye pombe, akakosa vipindi, akakosa majaribio, mtihani ukamkuta mikono mitupu. Tulikaa kikao tukamlaumu sana. Lakini hakuna aliyeweza kusema ni nani kati yetu alizungumza naye kuhusu pombe kabla hajapanda basi.

Ndugu zangu, hatuwezi kujifanya wageni wa pombe. Kwetu mbege ina heshima yake, kwenye posa, kwenye harusi na kwenye kupatanisha waliogombana. Lakini ina utaratibu. Inanywewa kwenye kata, wakubwa wakiwepo, na kijana anayezidisha anaambiwa palepale. Chuoni mzee hayupo. Kuna chumba cha hosteli, marafiki wa wiki mbili, chupa ndogo ya pombe kali, na bumu limeingia leo.

Tufanye hesabu. Chukueni mwanafunzi anayepewa na Bodi ya Mikopo shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi. Kwa siku 60 ni shilingi 600,000. Akitumia shilingi 20,000 tu kila mwisho wa wiki kwenye pombe, kwa wiki nane ni 160,000. Hizo ni siku 16 za kula na kulala. Ndiyo maana simu za "mama, nimeishiwa" zinaanza kabla bumu jingine halijafika. Na fedha ile ni mkopo. Akiajiriwa, atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi kulipia, pamoja na mengine, pombe ya mwaka wa kwanza.

Hesabu ya mwili nayo haina huruma. Bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi. Chupa ndogo ya pombe kali, mililita 200 yenye asilimia 40, inazidi gramu 60, yaani sawa na bia tatu. Ini husafisha takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kahawa, ndimu na kuoga maji baridi haviliharakishi. Aliyemaliza chupa ile saa sita usiku, saa moja asubuhi huenda anaingia kipindini kilevi bado kimo.

Vijana, jambo moja mlishike hata kama mengine mtayasahau. Mwenzenu akizidiwa, haamki mkimwita, anapumua polepole, mwili umekuwa wa baridi, msiseme "mwacheni alale". Mlazeni ubavu asipaliwe na matapishi, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali. Watu hufa usingizini kwa namna hiyo.

Serikali ilipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017, na ilifanya vema. Lakini pombe kali ilibaki madukani katika chupa ndogo. Sheria haiwezi kushika nafasi ya mlezi.

Kwa hiyo napendekeza Mfuko ufanye mambo matatu.

La kwanza, semina ya siku moja nyumbani kabla vyuo havijafunguliwa. Wazungumzaji wakuu wawe vijana wetu waliomaliza chuo, pamoja na muuguzi. Nina sababu. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Perkins na Berkowitz, walionyesha kwamba wanafunzi hudhani wenzao wanaafiki pombe kuliko ilivyo kweli, na dhana hiyo inaweza kuwasukuma kuiga. Kijana akiambiwa na aliyetangulia kwamba wengi wanamaliza chuo bila ulevi, ataamini kuliko akiambiwa na mimi mwenye kitambi.

La pili, kila mwanafunzi awe na mlezi mwanachama katika mji anaosoma, iwe Dodoma, Morogoro, Mwanza au Mbeya. Ampigie simu kila wiki mwezi wa kwanza, na asikose kumpigia bumu linapotoka.

La tatu, tutumie dodoso la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT. Ni maswali 10 tu, kijana anajipima mwenyewe. Atakayeonekana yuko hatarini asindikizwe kwa mshauri nasaha. Na hapa naomba tukubaliane kabisa: anayeomba msaada asifutwe kwenye Mfuko. Tukimfuta mmoja, wengine wote watajificha.

Wazazi na wajomba, nasi tujitazame. Tunamuaga mwanafunzi kwa kreti za bia na nasaha ya dakika mbili. Desemba tunampokea kwa kumnunulia chupa, eti sasa amekua. Somo hilo analisikia vizuri kuliko semina.

Gharama ya haya si kubwa: nauli, chakula cha siku moja, posho ya muuguzi na vifurushi vya simu. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Anayepanga sherehe ya kuaga mwaka huu, apunguze kreti moja tu, bei yake ailete Mfukoni. Ada ya kijana mmoja tuliipoteza. Hatuna sababu ya kupoteza ya pili.