Kawia Ufike: Safari ya Milima ya Alps Wakati wa Theluji

(Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyotolewa na mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya walimu na wazazi.)

Nimeombwa niwaeleze habari za safari niliyoifanya huko Ulaya mwezi wa Januari, nilipokwenda kumwamkia rafiki yangu wa zamani. Wazee wetu walisema kwamba milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Maneno hayo ni kweli. Ila hawakutuambia yatakayompata mtu anayetaka kukutana na mwenzake, na milima imesimama katikati yao.

Rafiki huyo ni Bruda, Mwitaliani wa Shirika la Consolata. Shirika hilo lilianzishwa Torino mwaka 1901, na wamisionari wake wa kwanza walifika Kenya mwaka 1902. Bruda alitufundisha useremala shuleni. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mtoto akitwaa msumeno kabla ya kuupima ubao mara mbili, Bruda aliuchukua msumeno ule pasipo ukali, akamrudishia rula. Nilipomaliza shule hatukuacha kuandikiana. Uzee ulipomzidi alirudi kwao, katika bonde la Aosta, kaskazini ya Italia. Katika barua yake ya mwisho alinijulisha kwamba amepita miaka themanini na minne, na kwamba mkono wake hauwezi tena kushika randa.

Basi nilipotumwa Geneva kwa kazi ya kufasiri, nikapata siku tatu za mapumziko, niliazimia kwenda kumwona, maana nilijua kwamba nafasi kama ile huenda isipatikane tena. Mkenya mwenzetu aliyekaa Geneva miaka mingi alikubali kunipeleka kwa motokaa yake.

NJIA YENYEWE

Kutoka Geneva barabara hufuata ukingo wa ziwa mpaka Montreux, kisha hupita katika bonde la mto Rhône hadi mji wa Martigny. Mwendo huo ni wa kilometa 130 hivi, na barabara ni pana, haina taabu. Kutoka Martigny njia hugeuka kusini na kuanza kupanda. Mji wenyewe hauzidi mita 500 juu ya usawa wa bahari, lakini mahali pa kuvukia mlima, paitwapo Grand-Saint-Bernard, ni mita 2,469.

Sisi tuliozaliwa Nyeri hatustaajabii kimo hicho peke yake. Kirinyaga una mita 5,199, nao unaupita hata Mont Blanc, ulio mkubwa kuliko yote ya Alps, ambao ni mita 4,800 na kidogo. Lakini kwetu theluji hukaa kileleni, nasi huitazama tukiwa shambani. Kule, miezi ya baridi ifikapo, theluji hushuka mpaka mlangoni pa mtu.

Kwa sababu hiyo barabara ya juu hufungwa kwa kawaida tangu Oktoba mpaka karibu na Juni. Zamani msafiri wa majira hayo alipita kwa miguu, na wengi walipotea. Yapata mwaka 1050 padre mmoja wa Aosta, ambaye leo huitwa Mtakatifu Bernard, alianzisha pale juu nyumba ya kupokea wasafiri, na mpaka leo watawa wangali wakiwapokea wageni humo. Mbwa wao wakubwa walijulikana dunia nzima. Mmoja wao, jina lake Barry, aliyeishi tangu mwaka 1800 hata 1814, husimuliwa kwamba aliokoa watu zaidi ya 40. Naye amehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Bern. Tangu mwaka 1964 motokaa hazina haja ya kufika juu, kwani hupita katika handaki lililotobolewa ndani ya mwamba, urefu wake kilometa 5.8, kutoka Uswisi hata Italia.

TULIVYOZUIWA

Tuliondoka saa tatu asubuhi. Tulipokwisha kuupita mji wa Martigny theluji ilianza kuanguka. Penye kibao cha duara, cha rangi ya buluu, chenye picha ya gurudumu lililofungwa minyororo, mwenzangu alisimama akaifunga minyororo yetu. Mimi nilimshikia taa, na vidole vyangu vikafa ganzi. Alinieleza kwamba juu ya theluji mtu hakanyagi breki kwa ghafula, bali hushusha gia na kuiacha injini ipunguze mwendo. Akasema tena kwamba daraja huganda kabla ya barabara, kwa kuwa upepo wa baridi hulipitia juu na chini.

Karibu na kijiji cha Orsières tulikuta kizuizi. Mfanyakazi wa barabara alituambia kwamba mbele kumefungwa kwa hatari ya maporomoko ya theluji. Zilikuwa zimebaki kilometa zisizotimia 60. Nilitazama saa yangu, nikamfikiria yule mzee aliyekuwa akiningojea, na hapo ndipo nilipokosa. Yule mfanyakazi alipoingia kibandani mwake, nilimwambia mwenzangu tukizunguke kizuizi, kwani hapakuwa na mtu wa kutuona.

Mwenzangu aliizima injini. Akautia ufunguo mkononi mwangu, akasema: "Ndugu yangu, ikiwa waujua mlima huu kuliko wao, endesha wewe."

Nilinyamaza, nikamrudishia ufunguo.

Baadaye nilifahamishwa jinsi jambo hilo linavyotokea. Theluji huanguka tabaka juu ya tabaka. Tabaka la chini likiwa dhaifu, theluji mpya hukaa juu yake kama mchanga uliomwagwa juu ya bati lililoinama. Uzito kidogo tu hutosha kuuteremsha wote. Miteremko ya digrii 30 hadi 45 ndiyo inayoogopwa zaidi. Wataalamu wa chuo cha utafiti huko Davos huchunguza theluji na kutangaza hatari yake wakati wote wa baridi, kwa daraja tangu 1 hata 5. Siku ile daraja ilikuwa 4.

Nilimpigia Bruda simu kumwambia kwamba hatufiki. Alinijibu kwa Kiswahili chake kile kile cha karakana: "Kawia ufike. Mimi nipo."

Tulilala katika hoteli ndogo pale kijijini. Usiku nilisikia ngurumo, nami nilijua si ya mvua. Asubuhi mwenye nyumba alisema kwamba theluji imeporomoka huko juu, ila haikumdhuru mtu. Ilipata saa tano ndipo matrekta yalipokwisha kuisukuma kando, na kizuizi kikaondolewa. Tukapanda polepole. Mahali pengi barabara imejengewa paa la saruji, ili theluji ipite juu ya motokaa na kutumbukia bondeni. Lakini palikuwa na mahali pasipo na paa, na hapo tuliona marundo ya theluji yaliyochanganyika na magogo ya misonobari, yamevunjika kama njiti za kiberiti. Hakuna aliyesema neno ndani ya motokaa.

KUFIKA

Tulipotoka katika handaki upande wa Italia tulilikuta jua. Nyumba ya Bruda ilikuwa juu kidogo ya mji wa Aosta. Kutoka langoni mpaka mlangoni palikuwa na kijia kilichochimbwa katika theluji, kingo zake zimenyoka kama zilizopigwa kwa rula. Binti wa dada yake alituambia kwamba mzee alikichimba kijia kile jana mchana kutwa. Usiku theluji ikakifukia. Alfajiri akatwaa sepetu akakichimba upya, akakataa kusaidiwa.

Alikuwa amesimama mlangoni kwa mkongojo. Tulipokwisha kuamkiana aliniuliza: "Ulipima mara mbili?"

Nikajibu: "Sikupima mimi, Bruda. Mwenzangu ndiye aliyepima."

Alicheka sana, akamshika mwenzangu mkono kwanza. Nilimpa kahawa ya Nyeri, naye aliinusa pakiti kwa muda mrefu kabla ya kuifungua. Aliniuliza habari za wanafunzi wenzangu mmoja mmoja kwa jina, nami nikamwambia walio hai na waliokufa. Tuliongea mpaka usiku. Kulipokucha tuliagana. Hakusema kwamba tutaonana tena. Alisema tu niendelee kuandika.

Mabibi na Mabwana, kwetu hakuna theluji barabarani, lakini kuna ukungu wa Limuru na mito ya masika na vuli. Tarehe 4 Desemba 2021, katika mto Enziu huko Kitui, basi lililowachukua wanakwaya waliokuwa wakienda arusini lilisombwa na maji, na watu zaidi ya 30 wakafa. Walikuwa wakingojewa, kama mimi nilivyokuwa nikingojewa. Basi dereva wako akisimama ukingoni mwa maji akasema tungoje, usimhimize. Yule akungojeaye atakichimba kijia mara ya pili.