KUTOA MIFANO KATIKA INSHA ZA KIINGEREZA

Natumaini kalamu na daftari ziko tayari. Nawe unayelisoma somo hili katika karatasi badala ya kulisikia redioni, karibu uketi nasi. Pengine utafaidi kuliko wenzako, maana leo tutasema sana juu ya mikato na nukta, navyo ni vitu vya kuonwa kwa macho kuliko kusikiwa kwa masikio.

Leo twataka kujua namna ya kutoa mfano katika insha ya Kiingereza, ile insha ya mtihani au ya chuoni. Huenda mtu akauliza, "Je, mfano nao ni kitu cha kufundishwa? Si kila siku twatoa mifano sokoni na barazani?" Ni kweli, twatoa. Lakini twatoa kwa Kiswahili, na Kiswahili chetu kina neno moja lenye kazi nyingi, nalo ndilo linalotuponza. Neno hilo ni "kama".

Litazame vizuri. Twasema, "Mazao kama pamba yataka jua." Twasema pia, "Anatembea kama mzee." Tena, "Kama mvua ikinyesha, sitakuja." Na tena, "Walikuja watu kama mia." Neno ni lile lile, na hakuna Mswahili anayekosa maana yake. Mwingereza, yeye, atatumia maneno manne mbalimbali hapo: "such as" kwa pamba, "like" kwa mzee, "if" kwa mvua, na "about" kwa watu mia. Sasa mwanafunzi wetu anapotaka kutoa mfano, mkono wake humwendea "like" bila kufikiri, akaandika "crops like cotton".

Je, ni kosa? Katika mazungumzo, hapana. Waingereza wenyewe husema hivyo kila siku. Lakini katika insha ya masomo lina hatari yake. Ukienda dukani ukasema, "Nataka kitambaa kama hiki," muuza duka ataelewa kwamba hicho ulichokishika hukitaki. Wataka kingine kinachofanana nacho. Ndivyo alivyo "like". "Crops like cotton" yaweza kusomwa kuwa mazao yanayofanana na pamba, na pamba yenyewe haimo. Lakini "crops such as cotton" haina mashaka: pamba imo, nayo ndiyo mfano wenyewe. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: "like" liwe la kufananisha, na "such as" liwe la kutoa mfano. Wako Waingereza watakaosema nimekaza kamba mno. Na wakaze au walegeze wao. Mtu anayeandika mtihani kwa lugha ya kujifunza hana sababu ya kutembea ukingoni mwa shimo.

Upande wa "for example" mambo ni mepesi. Maneno hayo hayabadiliki. Hata ukitoa mifano kumi, huandiki "for examples", wala huandiki "for an example". Ni "for example" daima, kama vile sisi tusivyosema "kwa mifano" tunapotaja vitu vingi. Ndugu yake ni "for instance", na kazi yao ni moja. Wala usiwafunge pamoja kamba moja ukaandika "for example like" au "such as for example". Mmoja atosha.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya nichague somo hili. Msikilizaji mmoja, karani wa chama cha ushirika anayesoma usiku akijitayarisha kwa mtihani wa kuingilia chuo, ameniletea insha yake ya historia aliyorudishiwa na mwalimu wake. Amepata nusu ya alama. Pembeni mwalimu ameandika maneno mawili tu, kwamba maana haieleweki. Karani huyu amedhani kwamba habari alizozitoa ni za uongo, naye aniuliza kama aliache somo la historia kabisa.

Ndugu yangu, usiliache. Historia yako ni sawa. Tazameni wote sentensi yake: "Big farming projects fail when the land is not studied first, i.e. the groundnut scheme in Tanganyika."

Habari yenyewe ni ya kweli. Mradi wa karanga ulianzishwa na serikali ya Uingereza katika Tanganyika mwaka 1947, nao ukaachwa mwaka 1951 baada ya kula zaidi ya pauni milioni 30. Palipotangulia kulimwa ni Kongwa, na udongo wa Kongwa, kiangazi kikiingia, hukauka ukawa mgumu mno, hata kuzing'oa karanga ni taabu. Huo ni mfano mzuri sana kwa hoja yake. Kilichomwangusha ni herufi mbili: "i.e."

Herufi hizi, na zile nyingine "e.g.", ni vifupisho vya Kilatini. "E.g." ni "exempli gratia", maana yake "kwa mfano". "I.e." ni "id est", maana yake "yaani". Basi karani wetu alitaka kusema kwamba miradi mikubwa hushindwa, kwa mfano ule wa karanga. Lakini alichoandika ni kwamba miradi mikubwa hushindwa, yaani ule wa karanga. Msomaji asimama hapo ajiulize: Je, asema juu ya miradi yote mikubwa, au juu ya mradi mmoja tu? Hapo maana imepotea, na alama zikapotea nayo.

Mkitaka kuiona tofauti waziwazi, tazameni habari ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Nchi zilizoiunda mwaka 1967 zilikuwa tatu: Kenya, Tanzania na Uganda. Ukiandika "the three countries which formed the Community in 1967, i.e. Kenya, Tanzania and Uganda", umesema kweli, kwa kuwa umezitaja zote, hakuna iliyobaki. Ukiweka "e.g." mahali pale, msomaji atatafuta nchi ya nne asiione. Lakini ukiandika "some countries of Africa, e.g. Kenya and Uganda", hapo "e.g." limekaa mahali pake, maana Afrika ina nchi nyingine nyingi. Kwa hiyo kabla ya kuandika, jiulize swali moja: Je, nimevitaja vyote, au nimechota vichache katika vingi? Vyote, "i.e." Vichache, "e.g."

Tena si lazima kuvitumia vifupisho hivi hata kidogo. Katika maneno ya insha yenyewe ni afadhali kuandika "for example" na "that is" kwa urefu wake, na vile vifupisho uviache kwa ajili ya mabano na majedwali. Hata serikali ya Uingereza ilitangaza mwaka 2016 kwamba itaanza kuviondoa katika kurasa zake za intaneti. Sababu mojawapo yachekesha kidogo: wao walikuwa wameacha kuweka nukta kati ya herufi, na zile programu zinazowasomea vipofu kwa sauti zikawa zikikutana na "eg" hulitamka kama "egg", yaani yai. Ikiwa Mwingereza aweza kulishwa yai pasipo kutaka, sisi tujihadhari zaidi.

Turudi kwa karani wetu. Katika fungu la pili la insha yake ameandika sentensi ya kwanza nzuri, akaweka nukta, kisha akaandika, "For example, the groundnut scheme." Nukta tena. Hilo nalo msahihishaji amelipigia mstari, na ni haki yake. Hiyo si sentensi, haina kitenzi. Mradi wa karanga ulifanya nini? Ulifanywa nini? Katika Kiswahili cha kusema twaweza kuishia hapo na mwenzetu akaelewa. Katika Kiingereza cha kuandika, ukishaweka nukta kubwa mbele ya "for example", maneno yanayofuata lazima yawe sentensi kamili yenye kitenzi chake. Mathalani: "For example, at Kongwa the soil became so hard in the dry season that the groundnuts were difficult to dig out."

Naomba mlione jambo la pili katika sentensi hiyo mpya, ambalo kwangu ni kubwa kuliko sarufi. Ile ya kwanza ilitaja jina tu, ikamwachia msomaji kazi ya kukumbuka na kuunganisha. Hii ya pili yamwonyesha udongo, kiangazi, na karanga zilizokwama ardhini. Mtu asiyepata kuusikia mradi ule aona mara moja kwa nini ardhi ingefaa kuchunguzwa mapema. Kutaja jina si kutoa mfano. Mfano ni jina pamoja na kile kinachoonekana ndani yake kinachoitia nguvu hoja. Wanafunzi wengi wenye maarifa hupoteza alama hapa, kwa sababu hudhani kwamba msahihishaji ayajua hayo yote na hakuna haja ya kumwambia. Anayajua, naam, lakini analipwa apime unayoyajua wewe.

Na mkato je? Neno "for example" likiwa mwanzoni mwa sentensi, hufuatwa na mkato. Likiwa katikati, huzungukwa na mikato miwili, kama katika "Lake Tanganyika, for example, is very deep." Na ukitaka kuunganisha sentensi mbili kamili, mkato peke yake hauna nguvu ya kutosha mbele ya "for example", weka nukta, au ile alama ya nukta juu na mkato chini. Haya hayana ubishi, tupite.

Lenye ubishi ni mkato wa "such as". Mara nyingine upo, mara nyingine haupo, na wanafunzi huuweka kwa kubahatisha. Ipo njia ya kuujaribu. Ondoa mfano wako wote, usome kilichobaki. Kikiwa bado ni kweli, weka mikato. Kikiwa uongo, usiweke.

Chukueni maneno haya: "Lakes such as Tanganyika are very deep." Ondoa mfano, utabaki na "Lakes are very deep", yaani maziwa yana kina kirefu. Je, ni kweli? Hata kidogo. Ziwa Tanganyika ndilo la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal ya Urusi. Kina chake chazidi mita 1,400. Lakini ziwa Victoria, ingawa ndilo kubwa kupita yote ya Afrika kwa upana wa maji, kina chake hakizidi sana mita 80, na ziwa Nakuru la Kenya ni mita chache tu. Kwa hiyo mfano ule washikilia maana ya sentensi, hautengwi kwa mikato. Lakini andika, "Cash crops, such as coffee and cotton, are grown for sale." Ondoa mfano, nawe wabaki na kusema kwamba mazao ya biashara hulimwa ili yauzwe. Ni kweli tupu. Basi mikato miwili, mmoja kabla ya "such as" na mmoja mfano unapokwisha. Wengi huukumbuka wa kwanza na kuusahau wa pili.

Na maadamu tumefika ziwani, tusiondoke upesi. Mwanafunzi aandikaye "African lakes are very deep, for example, Lake Tanganyika" na kuendelea na hesabu ya mita zake, ametoa mfano wa kweli, lakini hoja yake imeanguka. Msomaji aliyezaliwa Kisumu au Mwanza atamcheka. Mfano mmoja waonyesha kwamba jambo laweza kuwa. Hauonyeshi kwamba ndivyo lilivyo kila mahali. Dawa si kutafuta mifano mingine mitano. Dawa ni kuipunguza ile hoja: "Some African lakes are very deep." Neno hilo dogo, "some", limeokoa insha nyingi. Karani wetu naye angeanza sentensi yake kwa "Big farming projects can fail", asingeweza kupingwa na mtu aliyeuona mradi mkubwa uliofaulu.

Limebaki dogo. Usimalizie orodha ya mifano kwa "etc." ikiwa umeianza kwa "such as" au "for example". Maneno yale yamekwisha kusema kwamba viko vingine. Kuongeza "na kadhalika" ni kumjazia mgeni kikombe ambacho kimejaa.

Haya, zoezi la juma hili. Andikeni sentensi hizi tatu, na penye nafasi mtie maneno yafaayo pamoja na mikato yake, au muiache mikato ikiwa haitakiwi. Ya kwanza: "Many rivers of Tanzania ... the Rufiji flow into the Indian Ocean." Ya pili: "The two largest islands of Zanzibar ... Unguja and Pemba grow cloves." Ya tatu: "Mountains ... Kilimanjaro have ice on top." Hiyo ya tatu ijaribuni kwa njia ile ya kuondoa mfano kabla hamjaandika kitu. Majibu tutayatazama pamoja katika somo lijalo. Kwaherini.